Homoni za ulezi ni nini?

Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, asubuhi, jua bado halijakolea. Mama mmoja ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anachambua dagaa. Mwanawe wa miezi minne amemwacha Mabatini kwa bibi. Huko nyuma ya magunia kichanga cha mtu mwingine kinaanza kulia. Mama hainui hata kichwa, lakini mkono unaacha dagaa na kwenda kifuani, na blauzi imeshalowa. Anaipandisha khanga, anaifunga upya. "Wala si wangu," anamwambia mwenzake, "yakisikia mtoto yanakuja tu."

Maziwa hayo hayakuja yenyewe, yameitwa. Homoni ni kemikali ambayo tezi ya mwili huitengeneza na kuimwaga kwenye damu ili ipeleke ujumbe mahali pengine mwilini. Homoni za ulezi ni jina la jumla la zile zinazopanda au kushuka mtu anapopata mtoto na kumtunza, na ambazo zikibadilika hubadilisha pia hisia zake, subira yake, hata sauti anazozisikia usiku wakati wengine wamelala fofofo. Iliyomlowesha yule mama inaitwa oksitosini.

Nasema ulezi, sisemi uzazi, na hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Wengi tunadhani haya ni mambo ya tumbo: mwanamke kabeba mimba, mwili wake umebadilika, basi. Mimba ina nguvu yake kweli. Lakini kulea kwenyewe, yaani kushika, kulisha, kuogesha, kuamka usiku, nako kunaubadilisha mwili, na mabadiliko hayo yanamfikia hata mtu ambaye hatabeba mimba maisha yake yote.

Tuanze na mama. Oksitosini hutengenezwa ndani ya ubongo na kumwagwa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ukubwa wake kama punje ya njegere. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale alionyesha kuwa kitu kilichotolewa kwenye tezi hiyo kinafanya mji wa mimba wa paka ukaze, na jina lililokuja baadaye, la Kigiriki, lina maana ya kuzaa upesi. Mmarekani Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Ile sindano anayochomwa mama mara tu mtoto anapotoka, ili mji wa mimba ukaze na damu isivuje nyingi, ni oksitosini hiyohiyo, uniti 10.

Kwenye kunyonyesha, kazi inagawanywa kati ya homoni mbili. Prolaktini inatengeneza maziwa, oksitosini inayasukuma yatoke. Prolaktini hupanda mtoto anaponyonya, usiku zaidi ya mchana. Oksitosini haisubiri hata mtoto afike kifuani: kilio, harufu, hata kumfikiria tu kunatosha. Ila ina udhaifu mmoja ambao ningependa kila mama mkwe aujue. Hofu, maumivu na fedheha huizuia kwa muda. Mama anayesemwa mchana kutwa kwamba hana maziwa anaweza kuwa nayo tele, tatizo ni kwamba hayashuki, na sufuria ya uji inabandikwa mtoto akiwa na mwezi mmoja tu. Mwacheni akae, mtoto alazwe kifuani ngozi kwa ngozi, maneno makali yasimamishwe. Mara nyingi yanashuka.

Wakati huohuo kuna homoni zinazoanguka. Kondo la nyuma likishatoka, estrojeni na projesteroni zilizokuwa juu miezi yote ya mimba huporomoka ndani ya siku chache. Kuporomoka huko kunaruhusu maziwa kuja, lakini pia kunachangia machozi yasiyo na sababu ya siku za kwanza. Machozi hayo hupita. Huzuni ikizidi wiki mbili, ikamfanya mama asile, asilale hata mtoto akilala, au asitake kumgusa mwanawe, hiyo ni sonona na inatibika. Apelekwe kituo cha afya, asiambiwe anadeka.

Ubongo nao haubaki vilevile. Watafiti wa Hispania waliochapisha kazi yao mwaka 2017 walipiga picha bongo za wanawake kabla ya mimba ya kwanza na baada yake. Sehemu zinazotumika kuelewa nia na hisia za mtu mwingine zilikuwa zimepungua ujazo, na hali hiyo ilidumu angalau miaka miwili. Kupungua huko hakukuwa hasara: kumbukumbu zao hazikuonekana kudhoofika, na waliobadilika zaidi ndio walioonyesha kushikamana zaidi na watoto wao.

Sasa baba. Mtaani mwanamume akionekana amebeba mtoto mgongoni au anaanika nepi, haichukui muda: huyo kalishwa limbwata. Natamani neno hilo tuliache, maana linamfukuza mwanamume kwenye kazi ambayo mwili wake unaiweza na unajiandaa kuifanya.

Huko Cebu, Ufilipino, vijana wa kiume 624 walipimwa testosteroni, homoni inayojulikana kama ya kiume, kwenye mate mwaka 2005, wakapimwa tena mwaka 2009. Waliokuwa na testosteroni nyingi mwanzoni ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mke na mtoto. Walipopata, ikashuka: ya asubuhi kwa takriban asilimia 26, ya jioni kwa asilimia 34, kushuka kukubwa kuliko kwa wenzao waliobaki makapera. Wenye vichanga vya chini ya mwezi mmoja walishuka zaidi. Na baba waliokuwa wakimhudumia mtoto saa 3 au zaidi kwa siku walikuwa na kiwango cha chini kuliko baba wasiojihusisha na malezi. Kushuka huku si ugonjwa, wala si kuishiwa nguvu za kiume. Testosteroni husukuma ushindani na kutafuta mwenza. Ikipungua, subira inapata nafasi.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka hapahapa Tanzania. Kandokando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadza, wawindaji na wachuma matunda, na Wadatoga, wafugaji. Baba wa Kihadza hushinda na watoto kambini, huwabeba, hulala nao. Baba wa Kidatoga kwa desturi hula na kulala mbali na wake na watoto, na malezi ya mtoto mchanga hayamhusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima mate ya wanaume wa pande zote mbili. Kwa Wahadza, baba walikuwa na testosteroni ndogo kuliko wanaume wasio na watoto. Kwa Wadatoga, baba na asiye baba hawakutofautiana. Wote wamezaa, lakini si wote wanaolea, na mwili umeijua tofauti hiyo.

Oksitosini pia si ya mama peke yake. Huko Israel wazazi 160 walifuatiliwa katika miezi sita ya kwanza ya mtoto, matokeo yakatoka mwaka 2010: ilipanda kwa mama na kwa baba, kwa viwango vinavyokaribiana. Njia ndizo zilizotofautiana. Kwa mama iliendana na kupapasa na kunong'ona, kwa baba iliendana na michezo ya kurusharusha na kuchekesha.

Wavuvi wa dagaa wa Igombe, kwenye Ziwa Victoria, wana kalenda inayoionyesha hali hii vizuri. Giza likiwepo wanalala ziwani na taa zao. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, basi wanatia nanga na kukaa nyumbani siku kadhaa. Nilimtazama mmoja siku ya kwanza ya mbalamwezi. Alimshika mwanawe kwa mikono iliyonyooka, kama mtu aliyekabidhiwa sahani ya moto, mtoto akalia mpaka mama yake akamchukua. Siku ya nne nilimkuta amempakata kwa mkono mmoja, wa pili unashona wavu. Mtoto alipokunja uso, yeye ndiye aliyeanza kumtikisa goti kabla hakijatoka kilio. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amekaa naye tu.

Na bibi je, ambaye homoni za kunyonyesha zilimwacha miaka mingi iliyopita? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watafiti wa Atlanta, Marekani, waliwaonyesha mabibi 50 picha za wajukuu wao huku wakipiga picha ubongo. Ziliwaka zaidi sehemu za kuhisi pamoja na mtu, yaani mtoto akicheka bibi anahisi furaha hiyohiyo, akilia anahisi uchungu wake. Walipoonyeshwa picha ya mzazi wa mjukuu, zilizowaka zaidi ni sehemu za kutafuta kuelewa mwingine anawaza nini.

Kule Mabatini, yule mtoto akigeuza shingo tu bibi ameshaweka chini ungo wa mchele. Mama akirudi adhuhuri, mikono ikinuka dagaa, bibi anamtazama yeye kwanza, usoni, anamuuliza kama amekula, ndipo anampa mtoto.