Bibi wa chumba cha malkia hakuwa kijakazi

Wengi wanaamini kwamba mabibi wa koo bora waliomhudumia malkia wa Uingereza walikuwa vijakazi waliovaa vizuri tu: kufua, kufagia, kubeba maji. Inaeleweka, maana cheo chao kilitaja chumba cha kulala.

Lakini kufua kulikuwa na wafuaji wake. Mwanzoni mwa karne ya 18, malkia alipovaa asubuhi, mhudumu wa cheo cha chini alimkabidhi bibi shimizi, na bibi ndiye aliyemvisha malkia. Maji ya kunawa aliyamimina yule wa chini; bibi alitazama tu! Na kwa hayo alilipwa mshahara.

Kilichogombewa hasa ni ukaribu na sikio la malkia. Mwaka 1839, mwanasiasa aliyetakiwa kuunda serikali alidai baadhi ya mabibi wabadilishwe, kwa kuwa walitoka familia za chama pinzani. Malkia akakataa, na mwanasiasa huyo akaacha kuiunda serikali.

Ukitaka kuhakiki, tafuta orodha za watumishi wa jumba la kifalme. Kadhaa zipo mtandaoni. Tazama cheo na mshahara: mfuaji na bibi wa chumba wameorodheshwa kila mmoja mahali pake. Filamu ziwe za mwisho kuaminiwa.