Kurudi kwa Bati: Maana na Chanzo Chake

Katika ufundi wa kuunda vitu kwa bati, kurudi kwa bati ni hali ya bati lililokunjwa kufunguka kidogo mara tu nguvu iliyolikunja inapoondolewa. Fundi bati wa Mwanjelwa jijini Mbeya, anayetengeneza tranka za wanafunzi wa bweni, huiona hali hii kila siku. Hulaza bati juu ya chuma cha pembe, huligonga kwa nyundo ya mbao hadi lishike kona sawasawa, kisha akiliachia na kuliwekea skwea, kifaa cha kupimia pembe ya nyuzi 90, mwanga hupenya kati ya skwea na bati. Ndiyo maana hulikunja kupita nyuzi 90 tangu mwanzo, ili likirudi lisimame pale anapotaka.

Wapo wanaodhani kwamba hiyo ni dalili ya bati bovu, na hapo wanalionea bati. Linapokunjwa, upande wa nje huvutwa na upande wa ndani hubanwa, na katikati hubaki tabaka jembamba lisilovutwa wala kubanwa. Matabaka ya pembeni hupita kikomo cha unyumbufu, yaani kiwango ambacho chuma kikishakivuka hakirejei tena kikamilifu katika umbo lake la awali. Yaliyo karibu na katikati hayakifikii kikomo hicho, na hata yale yaliyokivuka hubaki na sehemu ya mvutano kama wa springi. Mkono ukiachia, mvutano huo hujikunjua na pembe hufunguka.

Kiasi cha kurudi hutegemea kikomo hicho cha unyumbufu, ukakamavu wa metali, yaani jinsi inavyokataa kupindika, na uwiano kati ya nusukipenyo cha mkunjo na unene wa bati. Tuchukue bati la chuma laini lenye unene wa milimita 0.4, kikomo cha megapaskali 250 na ukakamavu wa gigapaskali 200 (paskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo, na gigapaskali moja ni megapaskali 1,000). Likikunjwa nyuzi 90 kwenye ukingo wenye nusukipenyo cha milimita 2, hesabu huonyesha kwamba litarudi takriban nyuzi 1.7, lakini likizungushwa kwenye bomba lenye nusukipenyo cha milimita 10, litarudi zaidi ya nyuzi 8. Alumini, ambayo ukakamavu wake ni kama theluthi moja ya ule wa chuma, hurudi karibu mara tatu ya chuma chenye kikomo kilekile, na kwa hiyo vipimo vya chuma havihamishiki kwenda kwenye alumini.

Viwanda vya magari vimeifanya hali hii kuwa uwanja mpana wa utafiti. Chuma chenye nguvu kubwa huruhusu bati jembamba na gari jepesi, lakini kadiri kikomo kinavyopanda ndivyo bati linavyorudi zaidi, na mlango uliokosea milimita chache haufungi. Watafiti hukokotoa kwa kompyuta umbo la kalibu, yaani chuma kinacholipa bati umbo linapokandamizwa, kabla haijachongwa. Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, uko katika tabia iliyoelezwa na mhandisi Mjerumani Johann Bauschinger katika karne ya 19: metali iliyovutwa kupita kikomo, ikibanwa baadaye, hulegea mapema kuliko ilivyotarajiwa. Bati linaloteleza juu ya ukingo wa kalibu hukunjwa na kunyooshwa tena, hivyo hesabu isiyozingatia tabia hiyo hutoa jibu la uongo.

Njia nyingine ni kulipasha bati moto. Chuma chenye boroni hupashwa hadi nyuzi joto 900 hivi za Selsiasi, huundwa kikiwa laini, kisha hupozwa haraka ndani ya kalibu yenyewe. Hutoka na nguvu ya takriban megapaskali 1,500 na karibu hakirudi kabisa. Kampuni ya Saab ya Uswidi ilianza kuitumia njia hii kwenye magari mwaka 1984.

Kwa karakana isiyo na tanuri wala kompyuta, kipimo cha uhakika ni kukata kipande cha majaribio kutoka bati lilelile la kazi, kukikunja, kukipima kwa skwea, na kuongeza nyuzi zilizopungua. Kipande hicho kikatwe upya kila shehena mpya inapofika, kwa sababu mabati mawili ya geji (unene) moja yanaweza kuwa na vikomo tofauti vya unyumbufu.