Kipimo cha MRI cha mtiririko wa damu ubongoni: kanula nene, figo na kikombe cha kahawa

Malalamiko kuhusu kipimo hiki yameongezeka dirishani kwetu, na mengi ni ya sindano. Naomba tuelewane.

MRI hupiga picha kwa sumaku, haina mionzi kama ya eksirei. Nililisema hili mara nyingi hadi nikadhani limekwisha. Dawa tunayochoma ni gadolini, metali iliyofungwa ndani ya molekuli ili isidhuru mwili.

Hapa hatutafuti umbo la ubongo, tunatafuta damu inavyoufikia. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama mililita 50 kwa kila gramu 100 za ubongo kwa dakika. Dawa husukumwa kwa mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, ikifuatiwa na maji ya chumvi, huku mashine ikipiga picha mfululizo kwa dakika moja au mbili. Dawa ikipita, picha hufifia kisha hung'aa tena, na kompyuta hukokotoa kutokana na kufifia huko. Ikiingia polepole hufika kichwani imeshatawanyika, na hesabu inavurugika. Ndiyo sababu ya kanula nene, yaani mrija wa plastiki unaoachwa mshipani; muuguzi hakukomoi. Na ukitikisa kichwa dakika hiyo, hatuwezi kurudia kama picha ya pasipoti, maana dozi imeshatumika.

Majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja, yaje nawe. Tangu 2006 dawa hizi zimehusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa watu ambao figo zao huchuja chini ya mililita 30 kwa dakika, hasa zile za muundo wa zamani. Ulaya ilisimamisha kadhaa mwaka 2017. Asiye na majibu hupelekwa maabara kwanza, nafasi yake hupewa anayefuata, naye hupangiwa siku nyingine. Fomu ya ridhaa husainiwa kabla ya kanula. Hiyo si adhabu.

Wengine hudai "ile isiyo na sindano". Ipo: mashine hugeuza usumaku wa maji yaliyomo kwenye damu ya shingoni, kisha husubiri karibu sekunde mbili yafike juu. Alama hiyo hufutika upesi. Mishipa ya shingo ikiwa imebana, damu huchelewa, alama inafia njiani, na eneo lenye damu linaonekana kama halina. Anayechagua njia ni daktari.

Jambo moja dogo: kahawa hubana mishipa ya ubongo na kupunguza mtiririko. Tukikuuliza umekunywa saa ngapi, tuambie kweli.