Barua ya Mtawa Laurence na kapu la "muhimu"

Kazi yangu ni kuhariri tafsiri za Kiingereza cha zamani, na kama kuna neno linalonimalizia wino mwekundu ni "muhimu". Juzi nilipitia kurasa kumi na mbili za mtafsiri mmoja kijana, nikalikuta mara kumi na tisa. Nikafungua matini ya Kiingereza nilinganishe. Neno important halimo hata mara moja. Waandishi wale walisema kila mmoja kwa namna yake kwamba jambo lina uzito, na kijana wetu akazikusanya namna zote akazitia kapu moja.

Simlaumu sana, maana kamusi zetu ndivyo zilivyo: ukitafuta moment, weight, import au consequence, mahali fulani utaikuta "umuhimu" inakusubiri.

Kwanza ieleweke kwamba important ni mgeni wa jana. Liliingia katika Kiingereza kwa kuchelewa, na hata lilipoingia halikutulia. Katika The Comedy of Errors, tamthilia ya Shakespeare, Adriana anamkumbusha Mtawala wa Efeso kwamba aliolewa na Antipholus "at your important letters". Ukiandika "kwa barua zako muhimu" umeshateleza. Anachosema ni kwamba barua zile zilimbana, zilimng'ang'aniza mpaka akakubali. Ni neno la mtu anayegonga mlango haondoki.

Barua inayonifundisha zaidi, hata hivyo, ni ile ya Romeo and Juliet. Mtawa Laurence amemwandikia Romeo, aliye uhamishoni Mantua, kumjulisha kwamba Juliet hajafa, amelala tu kwa dawa. Aliyekabidhiwa barua ni Mtawa John. Bahati mbaya, wakaguzi wa mji wakamshuku kuwa alikuwa kwenye nyumba yenye tauni, wakaifunga milango naye akiwa ndani, na barua haikufika. Laurence akisikia hivyo anasema: "The letter was not nice, but full of charge, of dear import." Mstari mmoja na kipande, na umejaa mitego minne.

Nice ya wakati ule si "nzuri". Asili yake ni neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu; likapita kwenye ujinga, likapita kwenye upuuzi na vijambo vidogo vidogo, likaja kufika kwenye uzuri baadaye sana. Kwa hiyo barua haikuwa ya upuuzi. Charge nalo linatokana na kupakia mkokoteni, ni shehena. Dear ni ghali, lakini kwa Shakespeare ni chochote kinachokufika moyoni, cha heri au cha shari. Hamlet, katika tamthilia yenye jina lake, anataja adui kwa kumwita "dearest foe", na hapo hakuna mapenzi yoyote. Kisha kuna import, kilichobebwa ndani.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokaa kifua mbele. Import ya zamani ilikuwa na kazi mbili: maana ya neno na uzito wa jambo. Malkia, mama yake Hamlet, anapomsikia Ophelia akiimba ovyo anauliza "what imports this song?", yaani wimbo huu una maana gani. Sisi tuna neno moja, maana, kwa kazi hizohizo mbili. Tunauliza maana ya neno, na tunasema fulani ni mtu wa maana, hana la maana, usilitie maanani. Mtafsiri aliyelelewa katika lugha hii hana sababu ya kukimbilia kwingine. Mimi ningeandika: "Barua ile haikuwa porojo, ilibeba jambo zito, lenye maana kubwa." Full of charge nimeigeuza kitenzi, kwa sababu "imejaa mzigo" ingechekesha ukumbi mzima saa watu wanapotakiwa kushika roho.

Moment ndilo linalowaangusha wengi. Hamlet anazungumzia mipango "of great pith and moment", na nimewahi kusoma "mipango ya wakati mkubwa". Pith ni moyo wa shina la mti, ule ulaini wa katikati. Moment limetoka kwenye neno la Kilatini la kusogea, na Warumi walilitumia pia kwa kile kiuzito kidogo kinachotosha kuinamisha mizani. Fikiria sonara na vitanga vyake viwili vimesimama sawasawa. Anadondosha chembe moja, kitanga kimoja kinashuka. Chembe ile ndiyo moment. Jambo la namna hiyo huenda likawa dogo kwa umbo, ila likiwekwa upande huu, mambo yanageuka. Kwa Kiswahili nasema "jambo la kuinamisha mizani", na mahali pengine "lenye uzito" inatosha. (Toleo la 1604 lina pitch badala ya pith, yaani kimo. Wahariri wamebishana vya kutosha, mimi simo.)

Mizani hiyohiyo imo katika Biblia ya Kiingereza ya 1611. Mathayo 23:23 Yesu anawakemea waandishi na Mafarisayo kwa kuacha "the weightier matters of the law", na Kigiriki nacho kinasema mambo mazito zaidi. Biblia yetu ya Union inasema "mambo makuu ya sheria". Ni Kiswahili safi, sina ugomvi nacho. Ila ninasikitika kidogo, kwa sababu katika mstari uleule watu hao wanatoa zaka ya mnanaa, bizari na jira, vitu ambavyo ukiviweka kwenye kitanga havisogezi chochote. Uzito ungeiacha picha hiyo ionekane. Ukuu unaipandisha juu, mbali na mizani.

Upande wa pili, wa kusema jambo halina uzito, Waingereza wa zamani walikuwa na raha zao. Katika Twelfth Night ya Shakespeare, mchekeshaji Feste amechelewesha barua ya Malvolio, anayedhaniwa mwendawazimu, naye anajitetea kwamba nyaraka za kichaa si injili, kwa hiyo "it skills not much when they are delivered". Skill hapa haihusu ustadi. Ni neno la watu wa Skandinavia la kutenganisha, kupambanua: haileti tofauti. Kulikuwa pia na it boots not, yaani haisaidii, na mshairi Chaucer kabla yao alisema no fors, yaani si kitu. Sisi tuna si neno, si kitu, haifai kitu, na haidhuru, ambayo ukiipasua ni "haileti madhara". Feste wangu anasema "haidhuru zifike lini", na haraka yake ya kujitoa lawamani inasikika.

Consequence nimeliacha nyuma kwa kuwa ndilo lililoharibu ukurasa wa tisa wa kijana. Ni kinachofuata, matokeo. Jambo lenye mkia mrefu ni la consequence. Ila kufikia wakati wa Jane Austen neno lilikuwa limehamia kwa watu: mwenye consequence ni mwenye hadhi. Katika Pride and Prejudice, riwaya yake ya 1813, Darcy anakataa kucheza dansi na Elizabeth akisema hana hamu "to give consequence to young ladies who are slighted by other men". Kijana alikuwa ameandika "kuwapa matokeo", kana kwamba Darcy ni Baraza la Mitihani. Tukakubaliana: "Kwa sasa sina hamu ya kuwafanya watu wa maana wasichana ambao wanaume wengine wamewapuuza."

Kurasa zake zimenirudia jana. "Muhimu" imebaki mara mbili. Ya kwanza nimeifuta. Ya pili nimeiacha, kwa sababu Mwingereza wake aliandika matter of great concern, na muhimu kwa asili yake ya Kiarabu ni kile kinachokutia hamu na wasiwasi, kinachokukosesha usingizi.