Maji Yanayoruka Botini: Tunayoambiana Kigoma na Yalivyo Kweli

Asubuhi pale Kibirizi, gati ya boti za Kigoma, Ziwa Tanganyika huwa limelala, na boti za kwenda vijiji vya Mwamgongo na Kagunga hupakia watu, magunia na masanduku ya soda mpaka maji yanakaribia ukingo. Saa chache baadaye upepo umeshika, pua ya boti inapiga maji, na abiria wamejifunika turubai. Mama mmoja akiuliza kama kuna hatari, hujibiwa: “Haya ni maji tu, mama, utakauka.” Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, nami naandika kwa sababu si la kweli. Maji yanayoruka yanaeleza hali ya chombo, na anayejua kuyasoma hutambua mapema kama mwendo, mzigo au uelekeo una kasoro.

Kwanza kuna wanaosema ziwa si bahari, kwa hiyo mawimbi yake ni ya kitoto. Wimbi halijui kama maji yana chumvi. Linakuzwa na vitu vitatu: nguvu ya upepo, muda ambao umevuma, na urefu wa maji ambayo upepo umepita bila kukutana na nchi kavu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma ukifuata urefu huo. Wimbi linalofika Kigoma siku hizo huenda limeanza safari mbali sana kusini.

Tena wimbi la ziwa lina ubaya wake. Bahari kuu hutoa mawimbi marefu ambayo boti huyapanda na kuyashuka taratibu. Ziwani mawimbi hufuatana karibu karibu na kingo zao ni za wima. Boti ya mita saba ikishuka wimbi moja, pua yake hulikuta la pili kabla haijainuka. Wimbi la mita moja lililobanana na mwenzake linaweza kuitesa boti ndogo kuliko wimbi la mita mbili lililolala. Na maji ya ziwa, yasiyo na chumvi, ni mepesi kuliko ya bahari: mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1,000, ya baharini kilo 1,025 hivi. Kwa mzigo uleule, chombo huzama kidogo zaidi ziwani.

Wapo pia wanaoamini kwamba asubuhi ikiwa shwari, kutwa itakuwa shwari. Milima ya pande zote mbili na joto la mchana hubadilisha upepo kila siku, na wakati wa masika dhoruba ya radi huweza kukupata kabla hujafika kijiji kinachofuata.

Dhana iliyoota mizizi zaidi kwa vijana wa injini ni hii: ukikutana na mawimbi, kaza moto, yaani ongeza mwendo wa injini, upite juu yake. Kwenye maji yaliyochafuka kidogo, boti nyepesi huteleza juu ya vilele na abiria wakadhani nahodha ni fundi. Lakini wimbi linakuja kwako na wewe unakwenda kwake, kwa hiyo miendo miwili inajumlishwa. Boti ikiruka kileleni inaanguka bondeni kwa kishindo, na kishindo hicho kinalegeza misumari, kinafungua kalafati iliyoziba nafasi katikati ya mbao na kuumiza migongo ya waliokaa mbele. Boti ya chini bapa huumia zaidi, kwa sababu hulipiga maji kofi. Yenye tumbo la kuchongoka huyapasua.

Sasa tazama maji yenyewe. Pua inapoingia kwenye wimbi, maji hupanda ubavuni kama shuka. Boti iliyoundwa kwa mbavu zinazotanuka kuelekea juu huyasukuma nje, na ubao mwembamba uliopigiliwa kwa urefu wa ubavu huyakata yasipande. Lakini yakishafika hewani, upepo ndio unaoamua. Ukivuma kutoka ubavuni mwa pua huyachukua yote na kuyamwaga ndani. Ndiyo maana nahodha mzoefu hupunguza moto, akalikabili wimbi kwa mshazari badala ya kulivaa uso kwa uso, na akigeuza uelekeo kidogo tu utaona abiria wameacha kulowa. Hapunguzi mpaka boti ikose nguvu, maana usukani usio na mwendo haugeuzi kitu. Anatafuta mwendo ambao boti inapanda na kushuka bila kupiga. Kama injini yake inainamishika, huishusha kidogo ili pua ikate maji, na wimbi likitoka nyuma huiinua ili pua isizame.

Wapakiaji nao husema magunia yakijazwa mbele yanaituliza boti. Yanaituliza kwa kuifanya ichimbe. Pua nzito haipandi wimbi, inaingia ndani yake. Mzigo mzito ukae katikati, chini kabisa, nao ufungwe.

Nirudi kwa yule mama. Kwamba maji haya yanalowesha tu ni uongo unaoua. Chukua boti yenye sakafu ya mita nane kwa mita moja na robo. Maji yakifika kina cha sentimita kumi, yaani chini ya magoti, tayari ni mita moja ya ujazo: tani nzima, magunia kumi ya kilo mia mia ambayo hakuna aliyeyaona yakipakiwa. Mbaya kuliko uzito ni kwamba magunia haya hayatulii. Boti ikilalia kulia, tani yote inakimbilia kulia na kuilaza zaidi. Ukingo unashuka, wimbi linalofuata linaingia zima, si matone tena. Chombo kilichoanza kwa kulowa kinaweza kupinduka ndani ya dakika. Kwa hiyo kuchota maji na kuyamwaga nje kuanze wakati bado yanaonekana machache, afanye mtu aliyepewa kazi hiyo tangu gatini, akiwa na kopo lililofungwa kwa kamba. Na watu wakae. Kila anayesimama ili asilowe anauinua uzito wa boti juu, pale pale ambapo boti inauhitaji uwe chini.

Wimbi la nyuma nalo husifiwa kwamba linakusaidia kusukuma. Kweli huwezi kulowa sana, na hapo ndipo watu wanapolala. Wimbi lenye kasi kuliko boti huinua sehemu ya nyuma, pua inachimba bondeni, usukani unalegea, na boti inazunguka ikajikuta imelaza ubavu mbele ya wimbi linalofuata. Acha wimbi likupite, usishindane nalo kushuka mteremko.

Kuhusu jaketi la kujiokolea nitasema machache. “Mimi najua kuogelea” ni maneno ya mtu anayefikiria ufuko. Katikati ya ziwa, gizani, mawimbi yakimpiga usoni, muogeleaji hodari naye huchoka, na jaketi lililowekwa chini ya magunia halimsaidii yeyote.

Mwisho ni ushauri ambao huwa najitahidi kuupinga kila ninapousikia: dhoruba ikizidi, zima injini, tia nanga, usubiri. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na sehemu nyingi hushuka ghafla hatua chache kutoka mwambani. Nanga yako itaning’inia tu. Na boti isiyo na nguvu hugeuka yenyewe ikalaza ubavu kwenye mawimbi, hali mbaya kuliko zote. Injini ikikufia kweli, funga ndoo imara au gunia lililo wazi mdomo kwenye kamba ndefu, uitupe majini kutoka mbele. Itavuta maji, nayo boti itageuza pua kuelekea kwenye upepo. Kamba hiyo ifungwe mbele kabla ya kutoka Kibirizi, maana wimbi likishaanza hakuna atakayeweza kutambaa hadi puani kuifunga.