Oleanda hustahimili ukame, ila si tangu siku ya kupandwa

Imani kwamba oleanda, kichaka cha maua cha bustanini, haihitaji kumwagiliwa imeua miche mingi. Sifa ya kustahimili ukame ni ya kichaka kilichokwisha kushika ardhi. Upande wa chini wa jani lake, matundu ya kupumulia yamejificha ndani ya vishimo vyenye vinyweleo, ndiyo maana hupoteza maji kidogo. Lakini jani haliwezi kutunza maji ambayo mizizi haijayafikia. Mizizi ya mche uliotoka kwenye kopo bado imebanana ndani ya donge lake la udongo, na donge hilo hukauka upesi hata udongo wa pembeni ukiwa na unyevu.

Chimba shimo lenye kina sawa na donge, upana mara 2 au 3. Mwagilia lita 10 hivi kwa mkupuo, mara 2 kwa wiki mwezi wa kwanza, kisha mara 1 kwa wiki hadi kiangazi cha kwanza kiishe. Nusu lita kila jioni ni kazi bure: hulowesha juu tu, na mizizi hubaki huko huko juu.

Majani yakigeuka njano, usikimbilie ndoo. Chomeka kidole sm 5 ardhini. Udongo ukiwa umelowa, mizizi inakosa hewa, acha ukauke kwanza.

Pogoa maua yakishapungua, kwani mapya hutoka kwenye machipukizi. Vaa glavu, maana mmea mzima ni sumu, na matawi usiyachome: hata moshi wake una madhara.