Chai ya viungo yenye fleva ya chokoleti: mambo tunayodanganyana kuhusu kuionja

Mara ya kwanza kuonja chai ya viungo yenye fleva ya chokoleti nilijua nimepigwa. Nilifungua kopo, harufu ikapanda puani kama mtu kavunja kipande cha chokoleti mbele yangu, nikachemsha maji mbiombio, nikaloweka majani, nikasubiri, nikapiga fundo la kwanza nikakuta ni chai. Chai tu, ina mdalasini kwa mbali na kaukakasi fulani mwishoni. Nikasema hawa wezi. Imenichukua makopo kama manne matano kuelewa kwamba hamna aliyeniibia, mi ndo nilikuwa naitafuta chokoleti ulimini na yenyewe imekaa puani. Toka hapo nawasikia watu wakilalamika vilevile nilivyolalamika mimi, na malalamiko mengi yanatokana na vitu tulivyoaminishana tu, kwa iyo ngoja niyapitie, mengine kwa kirefu mengine fasta fasta.

"Kama ni ya chokoleti basi iwe nzito na tamu kama chokoleti ya kunywa"

Hii ndo mama yao. Chokoleti ya kipande ni nzito kwa sababu ya mafuta na ni tamu kwa sababu ya sukari, ukitoa ivyo viwili unabaki na kitu kichungu chenye harufu nzuri sana. Mbegu ya kakao karibu nusu yake au zaidi ni mafuta, yanaitwa siagi ya kakao, yanayeyuka kwenye nyuzi joto kama 34 ivi, yaani chini kidogo ya joto la mwili, ndo maana kipande kikigusa ulimi kinalainika chenyewe na kutandaa mdomo mzima. Sasa mafuta na maji hayaelewani. Ukiloweka vipande vya kakao au maganda yake kwenye maji moto inatoka rangi, unatoka uchungu kidogo, inatoka harufu, ila mafuta mengi yanabaki mulemule kwenye kipande, afu unakuja kukitupa na makapi. Ule uzito ulioutegemea umeenda kwenye pipa la taka.

Na iyo harufu msiidharau. Mbegu mbichi ya kakao hainukii chokoleti hata kidogo, mpaka ichachushwe siku kadhaa, ikaushwe, ikaangwe, ndo zinazaliwa kemikali za harufu kama zile zinazoitwa pirazini, ambazo ni ndugu wa zile zinazofanya kahawa iliyokaangwa inukie. Jaribu kitu kimoja cha bure kabisa: ziba pua, piga fundo, tulia. Utasikia uchungu, ukakasi, moto wa tangawizi, basi. Afu meza na uachie pua. Chokoleti inaingia kwa mlango wa nyuma, manake harufu inapanda kutokea kooni kwenda puani, na ubongo unaikusanya na yale ya ulimini unaita vyote "ladha". Wale waonjaji wa kulipwa wanaovuta chai na kijiko kwa kelele, fyuuup, si kwamba wamekosa adabu mezani, wanaipasua chai iwe matone madogo ili harufu nyingi ifike uko nyuma. Nyumbani vuta kwa kelele tu, kama hamna wageni.

"Ncha ya ulimi ndo inaonja utamu, uchungu uko nyuma"

Ile ramani ya ulimi tuliyochorewa shuleni ni makosa. Ilianzia kwenye kazi ya Mjerumani mmoja, Hänig, mwaka 1901, ambaye alikuta tofauti ndogo tu kati ya sehemu na sehemu, baadaye mwaka 1942 mwanasaikolojia Edwin Boring akaichora upya kwenye kitabu chake kwa namna iliyofanya watu waelewe kwamba kila sehemu ina kazi yake. Ladha zote unazipata karibu ulimi mzima. Kwa iyo usihangaike kuizungusha chai iende kona fulani ndo uipate kakao, izungushe tu ienee.

"Harufu ya kopo ndo itakuwa ladha ya kikombe"

Hapa ndo nilipopigwa mwereka mimi. Michanganyiko mingi inapuliziwa fleva juu ya majani, na fleva iyo ni nyepesi, inapenda kuruka, kwa iyo ukifungua kopo unakutana na mzigo wote uliokuwa umejikusanya hapo juu. Kwenye kikombe mambo yanagawanyika upya, vanila na mdalasini vinaweza kutangulia, karafuu ikaja kufunga mlango, na kakao ikawa katikati inasema kwa sauti ya chini.

Afu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii kabisa: vitu kwenye kopo havina uzito sawa. Vipande vya kakao, pilipili manga nzima, karafuu, vyote vinashuka chini kila kopo likitikisika, majani mepesi yanabaki juu. Kikombe cha kwanza unapata chai, kikombe cha mwisho unapata moto wa pilipili na kakao tupu, afu unasema "wamebadilisha mchanganyiko". Hamna aliyebadilisha. Pindua kopo taratibu mara mbili tatu kabla ya kuchota, na chota kwa kijiko kuanzia chini. Usilitikise kama dawa ya kikohozi, utavunja majani yawe vumbi na vumbi linatoa uchungu chap.

"Ukitaka chokoleti zaidi, iache kwenye maji muda mrefu"

Hapana hapana hapana. Harufu inatoka mapema, tanini, yaani vile vitu vya kwenye majani vinavyoleta ukakasi, zinaendelea kutoka na kutoka, kwa iyo kila dakika unayoongeza unaongeza ukakasi na uchungu kuliko chokoleti, na ule ukakasi ndo unaoikandamiza iyo chokoleti yako. Ukitaka ikolee ongeza majani, siyo dakika. Msingi wa majani meusi dakika tatu mpaka tano zinatosha kabisa.

Ila atatokea mjuaji aseme mbona waonjaji wanaacha dakika sita. Kweli, kuna kiwango cha kimataifa kinaitwa ISO 3103, cha mwaka 1980 na kikafanyiwa marekebisho 2019, kinasema gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6. Lakini lengo lake si kikombe kitamu, lengo ni vikombe vyote vifanane ili chai moja ilinganishwe na nyingine kwa haki, na dakika sita zinaanika kila kasoro. (Maelekezo ya Uingereza yaliyozaa kiwango icho yalipewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 1999, ile tuzo ya utani, kwa kuandika kurasa sita za namna ya kutengeneza kikombe cha chai. Mi sicheki, ukiwa unalinganisha makopo matatu utawashukuru.) Kwa iyo kama unalinganisha, pima na weka taimu sawa kwa vyote. Kama unakunywa, fuata mdomo wako.

"Pilipili manga na tangawizi ni ladha kali"

Si ladha kabisa. Piperini ya kwenye pilipili manga na jinjeroli ya kwenye tangawizi zinagusa neva za kuhisi joto na maumivu, mdomo unadhani unaungua kumbe hauungui. Ndo maana chai ikiwa ya moto sana moto wa viungo nao unazidi, vinasaidiana. Tangawizi ikikaushwa sehemu ya jinjeroli inageuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi, na michanganyiko ya makopo karibu yote inatumia tangawizi kavu, kwa iyo usishangae ikikuwasha kuliko ile mbichi unayoponda mwenyewe. Karafuu yenyewe ina yujenoli, inayotia ganzi, madaktari wa meno wanaijua vizuri sana. Sasa fikiria unaonja mchanganyiko wenye karafuu nyingi kwanza afu unahamia kwenye ule laini wenye vanila na kakao. Utaonja nini na mdomo umeshakufa ganzi? Anza na laini, malizia na kali, katikati maji ya uvuguvugu na pumzi kidogo.

Na ile ya kunusa kahawa "kusafisha pua" kati ya kikombe na kikombe, iacheni. Pua iliyochoka inataka hewa ya kawaida tu, nenda dirishani.

"Kuweka maziwa ni kuharibu, mwonjaji wa kweli anaionja ya rangi"

Nikisikia hii nachoka. Maziwa yana protini inaitwa kaseini, inashikana na tanini, ukakasi unapungua palepale. Yana mafuta pia, na mafuta ndo kitu ambacho harufu za kakao, mdalasini na ukali wa pilipili manga vinapenda kukaa ndani yake, kwa iyo vinaachiwa polepole badala ya kukupiga kwa mkupuo. Kumbuka tulichosema mwanzo, chokoleti ilipoteza uzito wake pale mafuta yalipobaki kwenye makapi. Maziwa yanarudisha uzito. Hata icho kiwango cha ISO kina maelekezo ya kuonja kwa maziwa. Ninachofanya mi ni kuonja ya rangi kwanza bila chochote ili nijue kilichomo, afu naweka maziwa nione inakuwa nini, manake kuna michanganyiko ambayo ikiwa ya rangi ni ya kawaida kabisa na ikipata maziwa inaamka, na kuna mingine imetegemea maua na iliki nyepesi, maziwa yanaizika. Sukari weka mwisho kabisa, na weka chembe kwanza, kwa sababu chumvi na sukari kidogo zinatuliza uchungu kabla hata hazijasikika zenyewe.

Tukiwa hapo hapo kwenye sukari: mtu akisema "hii tamu yenyewe bila sukari", mara nyingi anaonja vanila au mdalasini. Vanila haina utamu, ina harufu ambayo tumeizoea kwenye vitu vitamu maisha yetu yote, ubongo unajaziliza wenyewe.

"Fleva ni kemikali, ya asili ndo salama na ndo nzuri"

Vanilini ya kwenye ganda la vanila na vanilini ya maabara ni molekuli ileile, na imeanza kutengenezwa na wanakemia wa Ujerumani, Tiemann na Haarmann, toka 1874. Tofauti ni kwamba ganda la vanila lina vitu vingine vingi pembeni vinavyoipa kina, ndo maana fleva ya bei rahisi unaisikia ina sauti moja tu, inapiga kelele afu inakatika. Icho ni kigezo cha utamu, usalama ni habari nyingine. Na mchanganyiko wenye vipande vya kakao halisi bila fleva yoyote unaweza ukawa hafifu kuliko uliopuliziwa, msidanganyike na picha kwenye lebo. Bora zaidi kwangu ni ule wenye vyote viwili, juu ya majani yanayofanana na kakao yenyewe: chai ya Assam ya India ina kale kaladha ka kimea, pu-erh ya China ina udongo udongo, na chai zilizokaangwa kama hojicha ya Japani zina pirazini zake zenyewe, nusu ya kazi imeshafanyika.

"Chokoleti na viungo ni ubunifu wa juzi"

Chokoleti imenywewa zaidi ya miaka 3,000 kabla haijawa ya kutafuna. Waazteki, watu wa Mexico ya zamani, walikuwa wanaweka pilipili na vanila kwenye kakao yao, Wahispania wakaongeza mdalasini na sukari, na kipande cha kwanza cha kula kilichouzwa na kampuni ya Fry uko Bristol, Uingereza, kilikuja 1847. Kilichokuja baadaye ni kuweka majani ya chai.

"Haina kafeini, ni chokoleti tu"

Inategemea msingi. Majani meusi yana kama miligramu 40 mpaka 50 kwa kikombe kikubwa, na kakao inaongeza kidogo kafeini na thiobromini, ndugu yake kafeini aliyemo kwenye kakao. Ukitaka ya usiku tafuta yenye roibosi, mmea wa Afrika Kusini ambao si chai kabisa na hauna kafeini, ila vipande vya kakao vikiwemo haiwi sifuri kamili. Makapi yasiachwe mbwa anapofika, thiobromini ni sumu kwao.

"Ukiona mafuta juu, imeharibika"

Vile viduara vinavyong'aa juu ya chai ni siagi ya kakao iliyofanikiwa kutoroka, au mafuta ya viungo. Ikinuka kama mafuta ya zamani hapo sawa, tupa. Isiponuka, hiyo ni dalili kwamba kuna kakao kweli humo ndani, furahi.

Na usiionje ikiwa ya kuunguza. Vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 shirika la utafiti wa saratani la IARC lilishaviweka mwaka 2016 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani, na tukiacha iyo, ulimi ulioungua hauonji kitu. Mi napiga fundo la kwanza ikiwa ya moto wa kuvumilika, la pili ikiwa vuguvugu, na nabakisha kidogo mpaka ipoe kabisa. Lile la baridi ndo linatoa siri: kama chokoleti bado ipo, naagiza tena. Kama imebaki karafuu peke yake inaniangalia, basi fleva iliwekwa kwa ajili ya yule anayefungua kopo dukani.